Mdogo wangu hataki kesi, na mimi nina siri

Shikamoo Mama.

Barua hii nimeshaifuta mara tatu, leo naituma hivyo hivyo ilivyo. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nimeoa na nina mtoto mmoja. Linalonisumbua linamhusu mdogo wangu wa kike, ana miaka 23. Miezi saba iliyopita amerudi kutoka nchi aliyokwenda kufanya kazi za ndani.

Alikwenda kupitia wakala ambaye ni rafiki yangu, tulisoma darasa moja. Mkataba aliosaini kabla ya safari ulisema kazi saa nane kwa siku, mapumziko siku moja kwa wiki, na chumba chake mwenyewe. Alipofika akawekewa mkataba mwingine, kwa lugha asiyoisoma, mshahara karibu nusu ya ule wa kwanza. Pasipoti ilichukuliwa palepale uwanja wa ndege. Alikaa miezi 19, akalipwa minne. Alihudumia nyumba mbili, ya mwajiri na ya mama yake mwajiri, akalala chumba cha kufulia nguo, na mlango wa nje ulifungwa kwa ufunguo. Alipigwa, mara mbili ninazozijua.

Nazijua kwa sababu alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti usiku. Alijifungia bafuni na kufungua bomba ili wasimsikie. Ninazo sauti 41. Nyingine maji yanasikika kuliko yeye. Zote ziko kwenye simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo na inayojizima ikipata joto.

Mwishowe alitoroka, akahifadhiwa wiki kadhaa kwenye makazi ya muda. Ili arudishiwe pasipoti alisainishwa karatasi kwamba amelipwa haki zake zote. Akasaini. Siku ile angesaini chochote.

Tangu arudi hasemi. Nyumba aliyozaliwa, Mama, akitaka kunywa maji anauliza kwanza kama inaruhusiwa. Viatu vyake anaviweka kando ya kitanda, vimeelekea mlangoni. Nikitaja polisi au wakili ananiambia, "Kaka, niache nipumzike." Kitu kimoja tu amewahi kuniuliza kuhusu kule, na ameuliza mara mbili: eti yule mwajiri ameshapata msichana mwingine? Namwambia ya kule aachane nayo, tuangalie yetu.

Sasa wakala amekuja nyumbani kwa mama yetu. Atatoa pesa sawa na mishahara ya miezi mitatu, ila mdogo wangu asaini kwamba wamemalizana, hana madai sasa wala baadaye, na hatakwenda polisi. Jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Mama anataka tupokee, kwa sababu ada ya wakala niliilipa kwa mkopo na mkopo huo bado unatukaba.

Mimi nataka kesi. Wakili mmoja niliyempata anataka nusu ya kitakachopatikana. Kuna mtu mwingine anasema hujaza fomu za mfuko wa Umoja wa Mataifa wa waathirika, lakini tumlipe kwanza. Na nimeshaandika kila kitu, na picha ya wakala juu, bado kubonyeza tu kiende mtandaoni.

Nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilifuta. Mdogo wangu aliposafiri, rafiki yangu alinipa bahasha, akaiita shukrani kwa kumpelekea mtu. Niliipokea. Kwa wakati ule sikuona ubaya. Mdogo wangu hajui, mke wangu hajui. Nilipomwambia wakala kwamba nakwenda polisi, alicheka akasema, "Nenda, ila utaanza kujieleza wewe."

Tuzipokee hizo pesa? Naweza kumfungulia kesi kwa niaba yake, hata kama leo hataki, maana najua baadaye atanishukuru? Na kwa kuwa alikwenda kwa hiari na kusaini mwenyewe, hapo kweli kuna kesi?

Kaka Asiyelala

MAMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na pole zaidi mdogo wako.

Nimeisoma barua yako asubuhi, nikairudia jioni. Umeniuliza matatu, kuhusu pesa ya wakala, kuhusu kufungua kesi bila yeye kutaka, na kuhusu hiari yake. La nne hukuliwekea alama ya kuuliza, nalo ni ile bahasha. Nadhani ndiyo inayokunyima usingizi, na ndiyo inayokufanya uione kesi kama dawa. Nitaifikia. Nianze na la hiari, maana hilo sheria imelijibu vizuri kuliko wanavyotaka mawakala tujue.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inayojulikana kwa jina la mji wa Palermo ilikotiwa saini. Inasema wazi kwamba mtu akipatikana kwa udanganyifu, kwa nguvu au kwa kutumiwa unyonge wake, ili anyonywe, kukubali kwake hakuhesabiki. Mtu hawezi kukubali asichoambiwa. Mdogo wako aliridhia saa nane, siku ya kupumzika na chumba. Chumba cha kufulia na mlango uliofungwa hakuna aliyemuuliza.

Nikupe mfano uone jambo hili linavyokwenda mahakamani. Ugiriki, katika mashamba ya strawberry ya Manolada, vibarua kutoka Bangladesh walifanya kazi miezi bila kulipwa. Mwaka 2013 walipodai ujira wao, walinzi wa shamba waliwafyatulia risasi. Waliitaka kazi ile wenyewe, na vibali hawakuwa navyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwajiri anapotumia unyonge wa watu ili awanyonye, huwezi kusema wamejitolea kufanya kazi, na kwamba kukubali mwanzoni peke yake hakufuti kosa. Ugiriki iliamriwa kuwalipa walalamikaji euro 12,000 au 16,000 kila mmoja. Angalia aliyelipa ni serikali, kwa kushindwa kuwalinda na kuwapatia haki. Pesa na mwenye kosa ni vitu viwili, na mara nyingi havikai mlango mmoja.

Ile karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote" nayo usiichukulie kuwa mwisho wa mambo. Saini iliyotolewa na mtu ambaye pasipoti yake imeshikwa, pengine kwa lugha asiyoijua, ni kitu ambacho wakili anaweza kukipinga, na karatasi yenyewe inaweza kugeuka ushahidi wa jinsi alivyobanwa. Nimesema inaweza. Karatasi siioni, na sheria ya huko siisomi kwa mbali.

Sasa turudi kwako. Unasema atakushukuru baadaye. Unalijuaje hilo?

Silisemi kwa kukusuta. Miezi 19 mdogo wako alipangiwa na watu wengine saa ya kulala, saa ya kula, mlango wa kupita na karatasi ya kusaini. Kisha karudi nyumbani, na watu watatu wanaompenda, au wanaodai kumpenda, kila mmoja ana karatasi mkononi. Wakala ana yake, mama yenu anaiunga mkono, nawe una ya wakili. Nia zenu hazifanani hata kidogo, lakini ukiwa wewe ndiye uliyeketi kwenye kile kiti, nyote mnafanana.

Halafu kuna sheria. Ni mtu mzima. Wakili hawezi kumfungulia kesi bila idhini yake, na polisi bila maelezo yake watakuwa na kitu chembamba. Kwa hiyo hata ungetaka, huwezi kumpita.

Kunyamaza kwake pia sikuoni kama kukataa. Wanaoshughulika na waathirika hawa wanaujua ukimya huo. Nchi za Baraza la Ulaya zilipoandika mkataba wao mwaka 2005 ziliweka muda wa angalau siku 30 wa kumwachia mwathirika aliye ugenini bila kibali, asifukuzwe, apate nafuu na aamue kama atashirikiana na vyombo vya sheria. Na hao siku 30 wameziita kiwango cha chini. Mtu anayeomba ruhusa ya kunywa maji kwao bado yuko safarini.

Lakini sitakudanganya kwamba kusubiri ni bure. Hapa ndipo ugumu wa shauri lako ulipo. Mdogo wako anahitaji muda, na sheria nayo inauhesabu muda. Madai ya mishahara katika nchi nyingi yana ukomo mfupi, mahali pengine huhesabiwa kwa miezi, nawe umeshaniambia saba imepita. Kesi za madai ya usafirishaji wenyewe huwa na nafasi kubwa zaidi, Marekani kwa mfano mwathirika hupewa miaka 10. Kujua ukomo ni upi kwenu, na kule alikofanyia kazi, si kufungua kesi. Ni kuuliza. Na kuuliza wewe unaweza, bila kutaja jina lake na bila kumsimamisha mbele ya mtu yeyote. Huko kuna kazi yako halali ya kaka: kuhakikisha kwamba siku akisema "nataka", mlango haujafungwa.

Nikueleze milango yenyewe, maana naona umeijua mmoja tu, ule wa polisi.

Huo wa polisi ni kesi ya jinai. Mshitakiwa akitiwa hatiani, mahakama katika nchi nyingi inaweza kuamuru amlipe mwathirika. Uzuri wake ni kwamba serikali ndiyo inayobeba gharama na upelelezi. Ubaya wake, hatia isipopatikana hakuna fidia, na ikipatikana unaweza kukuta mwenye hatia ameshaandikisha nyumba kwa jina la shemeji yake. Kwa hiyo anayekwenda njia hii huomba mapema mali izuiwe. Kuna na jambo ambalo watu hawaambiwi: wakili wa utetezi hupenda kumuuliza mwathirika, "Si umeyasema haya ili ulipwe?" Dai la fidia likianza kutajwa ovyo kabla shahidi hajatoa maelezo, linampa huyo wakili fimbo. Simaanishi kwamba asidai. Lini na vipi ndiyo mambo ya kupanga na mtu anayejua, na Palermo yenyewe inaitaka kila nchi iwe na njia ya mwathirika kudai fidia.

Mlango wa pili ni kesi ya madai, anayoifungua mwenyewe. Kiwango cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai, na mwendo wake yeye anaweza kuushika zaidi. Ila gharama ni yake, na sehemu nyingine akishindwa hubebeshwa za upande wa pili.

Wa tatu nauona umeurukia kabisa, nao ni dai la mishahara. Kwenye chombo kinachoamua migogoro ya kazi hahitaji kuthibitisha usafirishaji haramu, wala kusimulia kupigwa asipotaka. Anahitaji miezi 15 isiyolipwa na mkataba. Si lazima mtu ataje jeraha lake kubwa ili alipwe jasho lake. Tatizo, mwajiri yuko nchi nyingine na yeye ameshaondoka huko, ingawa katika nchi kadhaa anaweza kumwachia mtu wa huko hati ya uwakilishi. Kuna nchi zilizofikiria hili mapema: Ufilipino kwa sheria ya 1995 inamfanya wakala awajibike pamoja na mwajiri wa ng'ambo, kiasi kwamba mfanyakazi anaweza kumdai wakala aliyeko nyumbani deni lote. Mwulizeni mwanasheria kama sheria yenu ina kitu cha namna hiyo, maana rafiki yako haji kwenu na pesa kwa huruma. Huenda anajua jambo ambalo ninyi hamlijui.

Wa nne ni mfuko wa serikali, pale ulipo. Nchi kadhaa zimeweka mifuko ya kuwafidia waathirika wa uhalifu au wa usafirishaji haramu. Hiyo huwa na masharti yake, na la kawaida ni kuwa uhalifu uwe umeripotiwa, na ndani ya muda fulani.

Na fomu za Umoja wa Mataifa? Mfuko upo kweli, ulianzishwa 2010, na unasimamiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu. Lakini hutoa ruzuku kwa mashirika yanayowahudumia waathirika, kwa makazi, matibabu na msaada wa kisheria. Haumlipi mtu mmoja mmoja kwa fomu ya mtaani. Huyo jamaa msimpe kitu. Watu waliokwisha kuibiwa mara moja huwa na wateja wengi wa mara ya pili.

Wakili wa nusu sitamhukumu bila kumsikia. Kuna nchi zinazoruhusu wakili kuchukua sehemu ya ushindi na kuna zinazokataza, na zinazoruhusu mara nyingi huweka kikomo. Muulize kwa maandishi: nusu ya nini, kabla au baada ya gharama? Tukishindwa nani analipa? Umewahi kushika kesi ya namna hii? Na kabla ya kumpa jibu, pitieni kwanza kwa wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo: chama cha mawakili, kliniki ya sheria ya chuo kikuu, mashirika ya wanawake wanasheria, chama cha wafanyakazi wa majumbani, ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria. Itifaki ya Shirika la Kazi Duniani ya 2014 kuhusu kazi za kulazimishwa inazitaka nchi zilizoiridhia kumpa kila mwathirika njia ya kupata nafuu kama fidia, awe yumo nchini humo au ameshaondoka, awe na kibali au hana. Kwa hiyo mkiambiwa "si alishaondoka?" msirudi nyumbani na jibu hilo kabla hamjauliza ofisi ya pili.

Pesa za wakala. Sitakwambia mpokee wala mzikatae, kwa sababu si zangu, si zako, na mama yenu anisamehe, si zake pia. Mkopo uliuchukua wewe. Machungu yake ni ya kweli, lakini deni la kaka halilipwi kwa saini ya dada. Ile ada nayo ina swali lake: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 kuhusu mawakala binafsi wa ajira unasema, kwa kanuni ya jumla, mfanyakazi asitozwe ada. Kama sheria yenu inafuata hivyo, hasara ya mkopo inaweza kuwa dai la peke yake, bila kuigusa mishahara ya mdogo wako.

Kwa mwenye uamuzi, hesabu anayopaswa kuiona ni hii. Upande mmoja kuna pesa za uhakika, sasa, bila maswali ya mtu yeyote, na kuna waathirika waliochagua hivyo wakaendelea na maisha; siwezi kuwaita wajinga, kesi zinachukua miaka. Upande wa pili, ni mitatu mahali pa kumi na mitano, na maneno "sasa wala baadaye" ni mapana sana. La kutokwenda polisi silipendi hata kidogo: katika nchi nyingi makubaliano ya watu wawili hayaizuii serikali kushitaki, na kumlipa mtu anyamaze kunaweza kuwa kosa jingine. Kuna nafasi ya katikati pia ambayo wakala hakuitaja, kwamba mwanasheria wa mdogo wako aisome na kuiandika upya, malipo yawe ya sehemu ya deni bila kufuta lililobaki. Anaweza kukataa. Lakini mwisho wa mwezi ni tarehe yake yeye, hakuna mahakama iliyoiweka. Mama yenu anaweza kumwambia karatasi bado inasomwa. Na akianza kutisha, ziandikeni siku na saa na maneno yenyewe, kisha hapo polisi wanakuwa suala la usalama kabla ya fidia.

Yale maandishi ya mtandaoni, mwanangu, yafute. Ukiyarusha, jina la mdogo wako litakuwa mdomoni mwa kila mtu kufikia jioni, wakala atahamisha mali, nawe unaweza kushitakiwa kwa kumchafulia jina. Hasira yako ni halali. Mahali pake si hapo.

Tufike kwenye bahasha.

Sitakupunguzia wala kukuongezea. Kosa la usafirishaji haramu, kwa maneno ya Palermo, linahitaji kusudi la kumnyonya mtu, na unayonielezea ni mtu aliyepokea asante bila kujua. Lakini mimi si hakimu, na sijui sheria yenu inasemaje kuhusu anayelipwa kwa kutafuta wafanyakazi. Kwa hiyo unahitaji mwanasheria wako mwenyewe, ambaye si wa mdogo wako. Hili ni la lazima kuliko yote niliyoandika, maana wakili mmoja hawezi kukulinda wewe na kumpigania yeye iwapo maslahi yenu yatagongana, na yanaweza kugongana. Ndiyo sababu nyingine ya wewe kutokuwa msemaji wake. Mtafutieni mtu wa shirika, mwanamke akipenda, atakayeongea naye bila wewe kuwa chumbani.

Je, umwambie? Ukimwambia, unaweza kumpoteza kwa muda, tena wakati anaomtegemea ni wachache. Usipomwambia, wakala anayo hiyo kadi mkononi, na ataitupa mezani siku atakayoona inamfaa, pengine mbele ya mahakama. Najua ningependa kulisikia kwa nani kama ingekuwa mimi, lakini mimi siye. Muulize mwanasheria wako kwanza, kisha ujiulize kama unataka kumwambia ili naye ajue, au ili wewe upate kulala. Yote mawili si dhambi, ila hayasemwi kwa namna moja. Kama ni la pili, lisimfikie siku ile anayotakiwa kuamua jambo lake. Na ukisema, sema bila "lakini sikujua" kuwa neno la kwanza.

Sauti zile 41. Usizihamishe kwa kuzituma tena na tena, usizikate, usizipe majina mapya. Simu yenyewe ihifadhi, usiitengeneze kwa fundi wa kufuta na kuanza upya, usiiuze. Tafuta mtu anayeaminika atoe nakala kamili kwenye kifaa kingine, na uandike siku ilipofanyika na nani alifanya. Sauti zenye maji mengi usizione hazina maana. Mtu anayefungua bomba ili asisikike ametoa maelezo ya nyumba ile bila kutamka neno. Weka pamoja mkataba wa kwanza, tiketi, risiti ya ada na rekodi ya miezi minne aliyolipwa. Kabla ya kunakili mwambie, kwa sababu ni sauti yake: "Nataka kuzihifadhi zisipotee, hakuna atakayezisikia usiposema." Akisema hapana, ziache zilipo na simu iwekwe pasipo na joto.

Usimhoji na kumrekodi. Kila anaposimulia upya, kumbukumbu ya mtu aliyeumia hutoa vipande tofauti, na vipande hivyo huja kuitwa uongo. Asimulie mara chache, kwa anayejua kuuliza. Na mwulizeni kama angependa daktari au mshauri nasaha bila kuhusisha kesi, ingawa mwanasheria wake aeleze mapema kipi katika kumbukumbu za tiba kinaweza kuombwa mahakamani huko kwenu.

Nimebakiza kitu kimoja ulichoandika kwa kupita. Unasema hataki lolote kuhusu kule, halafu unaniambia ameuliza mara mbili kama mwajiri amepata msichana mwingine, nawe ukamwambia aachane nayo. Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Wewe unafikiria alipwe. Yeye, huenda, anamfikiria aliyelala usiku huu katika chumba cha kufulia. Sijui. Inawezekana pia ni woga tu, au anajilaumu kwa kutoroka. Lakini ndilo swali lake la pekee, na njia za kulijibu zipo, kwa kuwa shirika au ubalozi unaweza kupewa taarifa ya nyumba ile bila yeye kufungua dai la pesa.

Akiuliza mara ya tatu, usimjibu. Mwambie tu, "Kwa nini unauliza?", kisha umsikilize hata ikichukua usiku kucha. Halafu niandikie alichosema, kama atakuruhusu.